Ujira Usirudishwe Kazi Ikibaki: Mfanyakazi wa Kujitegemea na Mteja Anayebatilisha Malipo

Utangulizi

Mchoraji wa nembo jijini Nairobi anapatana na mteja aliyeko Marekani kwa dola 600. Anachora, anarekebisha kila alipoambiwa arekebishe, analipwa kupitia PayPal na kukabidhi mafaili yote. Fedha anazihamishia M-Pesa, analipa kodi ya nyumba. Miezi miwili baadaye anapata barua pepe: mteja amelalamika kwa benki iliyompa kadi, na malipo yamebatilishwa. Kwa kuwa akaunti yake haina kitu, salio linasoma hasi, na aliyefanya kazi ndiye anayedaiwa. Nembo bado ipo kwenye tovuti ya mteja.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini kila hatua yake inawezekana chini ya kanuni zilizopo leo. Makala haya yanatetea msimamo mmoja: utaratibu wa kubatilisha malipo ya kadi uliwekwa ili kumlinda mlaji mnyonge, na unapotumika dhidi ya mtu anayeuza kazi ya mikono na akili yake, unamlinda mwenye nguvu. Bidhaa hurudishwa dukani. Saa za kazi hazirudi kwa aliyezitumia.

Kanuni ilikotoka

Mwaka 1974 Marekani ilipitisha sheria ya kurekebisha makosa katika ankara za mikopo. Sheria hiyo inampa mwenye kadi siku 60, tangu alipotumiwa taarifa ya akaunti, kupinga deni la bidhaa au huduma ambayo hakuipokea au haikutolewa kama ilivyokubaliwa. Ilikuwa sheria ya haki, kwa sababu mnunuzi mmoja hakuwa na ubavu wa kupambana na kampuni kubwa na benki kwa pamoja.

Lakini ulinzi huo ulikusudiwa mikopo ya matumizi ya mtu binafsi, familia na nyumba. Anayeagiza nembo ya kampuni yake yuko kwenye biashara, si mlaji wa aina hiyo. Kinachomfungulia mlango ni kanuni za mitandao ya kadi, Visa na Mastercard, ambazo kwa malalamiko mengi huruhusu takriban siku 120. PayPal nayo humpa mlipaji siku 180 za kufungua mgogoro. Kwa njia hiyo, kinga ya mlaji imevuka mipaka ya sheria iliyoizaa na kuwafikia wenye biashara, bila mtu kuuliza ni nani anayesimama upande wa pili.

Upande huo wa pili, ushahidi ni mgumu kuupata. Muuzaji viatu anatoa namba ya kufuatilia mzigo na saini ya aliyeupokea. Mfasiri, mhariri au mtengenezaji wa tovuti ana barua pepe na picha za skrini tu, na anayeamua shauri huenda hajui lugha ya tafsiri inayobishaniwa. Mteja akidai kwamba kazi haikulingana na maelezo, ulinzi ambao PayPal humpa muuzaji haumsaidii, kwa kuwa haugusi dai la aina hiyo.

Ujira si bei ya bidhaa

Sheria zetu zinaijua tofauti hii ya ujira na bei ya bidhaa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamkataza mwajiri kukata mshahara nje ya sababu zilizoorodheshwa. Mwajiri asiyeridhika anaweza kuonya, au kumwachisha kazi mtu kwa kufuata utaratibu, lakini hawezi kuingia benki na kuchukua mshahara wa miezi miwili iliyopita. Waislamu wa pwani wanafundishwa tangu chuoni kwamba ujira ulipwe kabla jasho halijakauka. Mfanyakazi wa kujitegemea hana kinga hiyo ya sheria kwa sababu moja tu: kisheria hahesabiwi kuwa mwajiriwa.

Watetezi wa utaratibu uliopo wana hoja mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba kadi huibwa, na mwenye kadi hapaswi kulipia uhalifu wa mwingine. Ni kweli. Lakini mwenye uwezo wa kuhakiki kadi ni benki na kampuni ya malipo, si mfasiri aliyeko Mombasa. Hasara imwangukie mwenye uwezo wa kuizuia. Ya pili ni kwamba wapo wanaochukua fedha na kutoa kazi mbovu. Nao ni kweli wapo. Dawa yake ni fedha kushikwa na mtu wa tatu kabla kazi haijaanza na kuachiliwa baada ya ukaguzi. Jukwaa la Upwork linafanya hivyo kwa kazi za bei isiyobadilika, na mteja akikaa kimya siku 14 baada ya kazi kuwasilishwa, fedha huachiliwa. Ubora unakaguliwa mapema, si baada ya mteja kuitumia kazi kwa miezi.

Hakimiliki: mlango ulioachwa wazi

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamdhoofisha mfanyakazi huyu zaidi. Kwa kifungu cha 31, kazi iliyoagizwa na mtu asiye mwajiri huhesabika kuwa imehamishiwa kwa aliyeiagiza, isipokuwa wahusika wamekubaliana vinginevyo. Mteja aliyerudishiwa fedha zote anaweza kudai kwamba bado kazi ni yake.

Kifungu hichohicho, hata hivyo, kinaacha nafasi ya makubaliano, na nafasi hiyo itumike. Mkataba useme kwamba hakimiliki inabaki kwa mtendaji hadi malipo yakamilike, na kwamba malipo yakibatilishwa haki zote zinamrudia. Akiwa na sentensi hizo, mchoraji wetu anaweza kutumia sheria ya Marekani ya 1998, inayomwezesha mwenye hakimiliki kuitaka kampuni inayohifadhi tovuti iiondoe kazi yake. Hahitaji kupanda ndege wala kuweka wakili.

Mahakama za nyumbani hazitoshi. Mahakama ya Madai Madogo ya Kenya husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na hutakiwa kuamua ndani ya siku 60, lakini amri yake ni vigumu kumfikia mteja aliyeko Marekani. New York imeonyesha kwamba sheria mahususi ya kuwalinda wafanyakazi hawa inawezekana: tangu Mei 2017 jiji hilo linataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya dola 800 au zaidi, na aliyedhulumiwa anaweza kudai fidia maradufu. Jimbo zima la New York na lile la Illinois yalifuata mwaka 2024.

Hitimisho

Bunge la Kenya likirekebishe kifungu cha 31, ili hakimiliki ya kazi iliyoagizwa ihame tu pale ujira unapokuwa umelipwa na kubaki umelipwa. Kampuni za malipo ziitenge kazi ya mtu na bidhaa ya dukani, na zisibatilishe ujira kabla mteja hajathibitisha kwamba ameacha kuitumia kazi hiyo. Nanyi mnaouza kazi zenu mtandaoni, andikeni sharti la hakimiliki kwenye kila mkataba, hata wa dola 50. Anayetaka fedha zake zirudi na aiache kazi. Anayeendelea kuitumia hana haki ya kuzidai.