Dhahabu ya Shelui na dhahabu ya RuneScape

Wadau, juzi nilikuwa napekua sanduku la vitu vyangu vya zamani, nikaikuta Tecno yangu ya mwaka 2018, kioo kimepasuka kama ramani ya barabara za Iramba. Nikaichaji, ikawaka. Nikahangaika na nywila mara tatu, hatimaye nikaingia tena Old School RuneScape. Mhusika wangu alikuwa amesimama palepale nilipomwacha 2019, kwenye mgodi wa Al Kharid, na nge wanamzunguka. Nilicheka, halafu nikakumbuka kwa nini niliacha kucheza.

Kwa wasiofahamu, RuneScape ni gemu ya kwenye intaneti iliyoanzishwa Januari 2001 na akina Gower, ndugu wa Uingereza. Maelfu ya watu wanaishi ndani ya dunia moja ya kubuni, kila mtu na mhusika wake. Haina mwisho wala mshindi. Unachimba madini, unavua samaki, unapigana, unauza ulichopata, unanunua sururu bora zaidi, unaanza upya. (Mama aliponiona mara ya kwanza aliuliza kama nimekosa kazi za nyumbani hadi nikaombe kazi ndani ya simu.)

Kwa miaka 17 gemu hii ilikuwa ya watu wenye kompyuta. Tarehe 30 Oktoba 2018 Old School RuneScape ikaingia rasmi kwenye simu: dunia ileile, akaunti ileile, watu walewale. Kwa mtu wa London ilikuwa njia ya kuendelea kuchimba akiwa kwenye treni. Kwangu mimi hiyo ndiyo siku RuneScape ilipozaliwa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, ada ya chuo haijapatikana, nashinda dukani kwa mjomba nikiwauzia wachimbaji tochi, betri, nyundo na moko.

Wengi mnaifahamu Shelui kupitia dirisha la basi. Basi linashuka Mlima Sekenke, abiria wanasali kimoyomoyo, malori yanaguna, halafu mnafika chini mnanunua chochote na safari ya Nzega inaendelea. Lakini pale mnapopita pana dhahabu. Mgodi wa Sekenke ulianza enzi za Wajerumani, 1909, na mwaka 1916, vita ikiwa imewabana, dhahabu yake ilipelekwa Tabora ikagongwa sarafu za rupia 15, zenye tembo na mlima nyuma yake. Leo wakusanya sarafu wanazigombania Ulaya. Sisi tulibakiwa na maduara.

Sasa hapa ndipo historia ya gemu inapokutana na ya kwetu.

Dhahabu ya RuneScape nayo ina wachimbaji wanaochimba ili waiuze kwa dola halisi, kinyume cha sheria za gemu. Kufikia 2007 biashara hiyo ilikuwa imekithiri, na baadhi ya wauzaji walikuwa wanalipia akaunti zao kwa kadi za benki za wizi. Kampuni ya Jagex ikachukua hatua mbili. Novemba 2007 ikafungua Grand Exchange, soko moja la pamoja ambapo bei inajulikana na mfumo ndio unaokutanisha muuzaji na mnunuzi. Kisha Januari 2008 ikafuta biashara huria. Ukitaka kumpa mtu kitu, naye lazima akupe chenye thamani inayokaribiana. Tofauti iliyoruhusiwa mwanzoni ilikuwa sarafu 3,000 tu. Hata kule Nyikani, sehemu ambayo ungeweza kumuua mchezaji mwenzako ukachukua mali yake, mapigano ya aina hiyo yalikuwa yameshaondolewa tarehe 10 Desemba 2007.

Watu walilia! Waliandamana ndani ya gemu yenyewe, wahusika wamejazana wakipiga kelele kwa maandishi. Wengi wakahama. Zawadi kwa rafiki ikawa kosa, na mkopo kwa ndugu vilevile. Ikachukua zaidi ya miaka mitatu: Jagex ikaitisha kura, zaidi ya kura milioni 1.2 zikapigwa, asilimia 91 wakataka biashara huria irudi, na Februari 1, 2011 ikarudi. Baadaye, Novemba 2012, mfumo wa kupigana ukabadilishwa kabisa, wakongwe wakachukia, ikapigwa kura nyingine, na Februari 2013 kampuni ikafufua nakala ya gemu ya Agosti 2007. Hiyo ndiyo Old School. Yaani dunia iliyonifikia Shelui mwaka 2018 ilijengwa juu ya dunia ya miezi michache tu kabla ya lile katazo, kila mtu huru kumpa mwenzake anachotaka.

Mimi hayo yote sikuyajua. Nilijua kugonga jiwe tu. Gemu inahesabu muda kwa vipande vya sekunde 0.6, kwa hiyo hata mtandao wa kusuasua unaivumilia, na bando haliishi haraka. Nilichimba shaba na bati, nikaja chuma, hadi nikafika ngazi ya 40 inayokuruhusu kuchimba dhahabu. Nje wachimbaji wananunua moko, ndani mimi nalipa sarafu 10 getini kuingia Al Kharid. Mjomba, ambaye ana hisa katika duara moja, alikuwa akichungulia kioo anasema, "Mpwa wangu, mwamba wako hauna hata vumbi."

Siku moja mchezaji mmoja alisimama mbele yangu akaandika neno moja: "Venezuela?" Nikajibu Tanzania. Akauliza iko upande gani wa Venezuela. Baadaye ndiyo nikaelewa. Bolivari ya Venezuela ilipoporomoka, vijana wa kule walijaa ndani ya gemu wakiua mazimwi ya kijani na kuuza walichopata, maana dola chache za RuneScape zilinunua chakula kuliko mshahara. Mwaka 2017 kuna wachezaji walioandika hadi mwongozo wa namna ya kuwatambua na kuwawinda. Watu wameshiba, wanawinda wenye njaa kwa burudani! Ilinikera, na mpaka leo inanikera.

Lakini pia ilinipa wazo (najua, najua). Kama wao wanauza, kwa nini nisiuze? Niliwaza ada. Nilikuwa na sarafu milioni 4, jasho la karibu miezi mitano. Mnunuzi mmoja akaniahidi dola 4.

Ndiyo, nne. Kama shilingi 9,000. Mbeba mawe pale karashani alikuwa anaipata kwa siku moja nzuri. Nilikaa na hesabu hiyo usiku mzima, asubuhi nikakubali, kwa sababu 9,000 ni 9,000. Tukakutana Varrock, nikafungua dirisha la biashara, nikaweka milioni 4, yeye hakuweka kitu, nikabonyeza kukubali. Fedha angezituma kwenye simu. Akatoweka. Sikuwa na pa kushtaki, kwani na mimi nilikuwa navunja sheria.

Nilipomsimulia mjomba hakucheka. Aliuliza tu, "Ulimpa mzigo kabla hajapima?"

Kipindi hichohicho, kuanzia Machi 2019, serikali ilikuwa inafungua masoko ya madini, Geita ikatangulia, mikoa mingine ikafuata, Singida ikiwemo. Uuze sokoni, kwenye mizani, kwa bei elekezi. Pale dukani nilisikia manung'uniko yaleyale ya RuneScape ya 2007: broka alikuwa ananikopesha hela ya chakula, broka alikuwa anakuja hadi shimoni, sasa soko litanikopesha? Wenye kusema hivyo hawakuwa wajinga. Broka alikuwa mnyonyaji na alikuwa pia benki yao. Hata hivyo, ukweli ni kwamba kati ya Januari 2008 na Januari 2011 yule mtu wa Varrock asingeweza kunifanyia alichonifanyia. Nami ningekuwa miongoni mwa waandamanaji, bila shaka.

Mwaka uliofuata ada ilipatikana kwa njia nyingine, nikaenda chuo, sikuingia tena.

Juzi basi nikamtembeza mhusika wangu hadi Grand Exchange, nikauza mawe machache ya dhahabu niliyoyakuta benki, kisha nikampigia mjomba kumwambia nimerudi mgodini. Akaniuliza huko kwetu gramu inakwenda bei gani. Nikamjibu huku hatupimi.