Kanieneo: Kipimo Kilichojificha Ndani ya Upepo wa Tairi

Kwa mafundi wa pancha wa Busia, upande wa Kenya na upande wa Uganda, neno la kazi ni upepo: tairi limeisha upepo, dereva anaongezewa upepo. Kipimo chenyewe kinaitwa presha. Maneno hayo yamezoeleka, na hakuna sababu ya kuyafukuza. Lakini vitabu vya sayansi vya Kiswahili vina neno jingine, kanieneo, nami nalitetea kwa sababu linamweleza dereva kinachokula mafuta yake.

Neno hilo limeunganishwa kutokana na kani, yaani nguvu inayosukuma au kuvuta, na eneo. Kanieneo basi ni kani inayogandamiza kila kipande cha eneo. Presha pia ni jina la maradhi. Shinikizo, linalopendwa na baadhi ya wataalamu, limeshachukuliwa na siasa na hospitali. Kanieneo haina mzigo huo, na inabeba maelezo yake yenyewe.

Ushahidi uko garini. Magari mengi madogo yanayopita barabara ya Kisumu hadi Busia yalitumika kwanza Japani. Fungua mlango wa dereva, utazame kibandiko kwenye nguzo yake. Mara nyingi utakuta namba kama 220 na kando yake 2.2. Ya kwanza ni kilopaskali. Ya pili ni kilo kwa kila sentimita mraba, yaani kani juu ya eneo. Geji ya fundi husoma paundi kwa kila inchi mraba, na kwa mfano huo itaonyesha takriban 32.

Sasa tupige hesabu. Gari la kilo 1,200 likisambaza uzito wake sawasawa, kila tairi hubeba kilo 300. Kwa kanieneo ya 2.2, tairi hilo hukanyaga lami kwa sentimita mraba 136 hivi. Ikishuka hadi 1.7, ambayo kwenye geji ni kama 24, eneo hilo hupanuka hadi 176. Hesabu hii ni ya kukadiria, maana kuta za tairi nazo husaidia kubeba, lakini inaonyesha jambo lenyewe: kanieneo ikipungua, tairi hulalia barabara zaidi.

Tairi likibiringika, kila sehemu yake hubonyea inapogusa lami, kisha hurudi umbo lake. Mpira haurudishi nishati yote iliyotumika kuubonyeza. Nyingine hugeuka joto. Ndiyo sababu tairi lenye upepo mdogo huchemka safarini na linaweza kupasuka. Hasara hiyo naiita ukinzani wa kubiringika, kwa kuwa neno ukinzani tumekwisha kulizoea katika masomo ya umeme.

Je, ni mafuta kiasi gani? Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kila paundi moja inayopungua kwenye geji, kwa wastani wa matairi yote, hupunguza umbali unaopatikana kwa lita kwa asilimia 0.2 hivi. Gari letu lililoshuka kutoka 32 hadi 24 limepoteza kama asilimia 1.6. Si nyingi, lakini hulipwa kila kilomita, na kingo za tairi huliwa mapema.

Mguu wa dereva hugharimu zaidi. Wizara hiyohiyo inasema kukimbia, kukanyaga mafuta kwa pupa na kufunga breki ghafla kunaweza kupunguza umbali huo kwa asilimia 15 hadi 30 kwenye barabara kuu, na 10 hadi 40 kwenye msongamano. Kila breki hugeuza mwendo, ambao umeshalipiwa kwa petroli, kuwa joto. Hewa nayo huzuia gari kwa nguvu inayokua kwa mraba wa kasi: kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 110, inakaribia maradufu. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Kenya mwaka 2004, zilifunga matatu kwenye kilomita 80 ili kuokoa maisha. Kasi hiyo huokoa mafuta pia.

Gari lililosimama nalo hula mafuta. Kwenye mpaka wa Malaba, malori kutoka Mombasa husubiri kuvuka kuelekea Tororo na Kampala. Injini ya lori inayonguruma imesimama hunywa lita tatu hivi kwa saa bila kusogea hata hatua. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa Februari 2018, hukagua gari mara moja tu, upande linakoingia. Kila saa iliyookolewa hapo ni dizeli iliyobaki tangini.

Pima matairi yakiwa baridi, kabla ya safari. Kwa aliyefika Busia kutoka Kisumu, hewa ya matairi imepata moto na kanieneo imepanda. Akipunguza upepo kwa kufuata geji wakati huo, kesho asubuhi utakuwa chini ya kiwango.

Mwezi Julai 2022, baraza la mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Mwalimu wa Tororo atakayefundisha neno kanieneo asiishie kuliandika ubaoni. Awapeleke wanafunzi kwenye gari lililoegeshwa, wasome kibandiko, wapime tairi, wagawe uzito kwa eneo. Watakaokuwa madereva na mafundi kesho watajua wanapima nini wanaposema upepo.