Lubumbashi, mji wa mpakani

Mtazame ramani. Mto Lubumbashi, uliopa mji jina lake mwaka 1966 (mbele uliitwa Elisabethville), ni mto mdogo. Unaingia Kafubu, Kafubu inaingia Luapula, na maji yanafika mwisho katika mto Kongo. Lakini kusini kidogo mito inashukia Zambezi. Mgongo ule wa nchi ndio mpaka wetu na Zambia.

Basi, sababu gani kujenga mji pembeni namna hii? Shaba ilikuwa karibu, kule Ruashi, penye mgodi wa Étoile. Lakini shaba ilikuwa Kambove vilevile! Kilichoamua ni reli. Mwaka 1910 ilifika kutoka Rhodesia, nchi ya Waingereza, na Wabelgiji waliogopa kwamba wenye reli watajitwalia na nchi. Mwaka ule ule Wangermée akaanzisha mji. Mwaka 1911 tanuru la kando ya mto likatoa shaba ya kwanza.

Kwa hiyo mji ulizaliwa ukiangalia kusini. Reli ya kwenda bandari ya Ilebo, njia ya Kinshasa, ilimalizika mwaka 1928 tu. Wafanyakazi nao walitoka kwanza Rhodesia, kisha Kasai na Ruanda. Kiswahili hakikuwa lugha ya wenyeji wa hapa. Katekista wa Bel-Air anafundisha leo kwa lugha iliyokomaa katika kambi za wachimba shaba.

Tangu Julai 1960 mpaka Januari 1963, Katanga ilipojitenga, mlango wake ulikuwa kusini. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500. Kasumbalesa haifiki 100, na malori ya shaba yangali yanapita pale.