Neno la Mzee na Daftari la Ardhi



Katika taarifa za miaka iliyopita tumezoea kutoa hesabu ya ada, ya mikopo, na ya wenzetu tuliowasafirisha kwenda kuzikwa kwao. Mwaka huu kamati imeonelea vema kuongeza kurasa hizi juu ya yale yatokeayo baada ya mazishi, kwani tumechoka kuona jamaa tuliowachangia jeneza wakikutana tena mahakamani.

Hapo zamani mzee hakuhitaji karatasi. Alipoona siku zake zimekaribia, aliwaita wanawe na wazee wenzake, akataja shamba la nyumba hii na la nyumba ile, ng'ombe walio kwa rafiki, na madeni anayodaiwa. Mashahidi waliishi papo hapo, na mipaka waliijua kwa miguu yao. Miongoni mwa Wakikuyu palikuwa na mtu aitwaye muramati, ambaye mara nyingi alikuwa mwana wa kwanza. Huyo aliachiwa ardhi ya mbari aitunze. Hakupewa iwe mali yake. Ndugu zake walilima kwa haki yao, si kwa hisani yake.

Mambo yaligeuka katika miaka ya 1950. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulikusudia kwamba mkulima wa Kiafrika awe na shamba moja lililopimwa, na hati ya kulimiliki. Vipande vilivyotawanyika vikaunganishwa, hasa katika Mkoa wa Kati, na jambo hilo likafanyika wakati wa Hali ya Hatari, wanaume wengi wakiwa vizuizini, wala hawakuwapo kusema neno. Sheria ya mwaka 1959 ikathibitisha uandikishaji huo, na Sheria ya Ardhi Iliyoandikishwa ya mwaka 1963 ikasema kwamba mwenye jina daftarini ndiye mwenye mali. Jamaa nyingi zilikuwa zimeandikisha jina moja tu, la baba au la mwana wa kwanza. Hatuwalaumu. Kwao ilikuwa kama kumtuma mmoja ofisini kwa niaba ya wote.

Alipokufa mwenye jina, au alipobadili nia, ndipo watu walipotambua walichoandika. Katika kesi ya Obiero na Opiyo ya mwaka 1972, na ile ya Esiroyo na Esiroyo ya mwaka 1973, Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za mila zisizoandikwa zilizimwa na uandikishaji. Hiyo ya pili ilikuwa kati ya baba na wanawe wa kuwazaa! Mwaka 1976, katika kesi ya Gatimu Kinguru na Muya Gathangi, Jaji Madan aliona vingine, kwamba mwenye jina aweza kuwa ameshika amana tu kwa ajili ya jamaa zake. Maoni hayo mawili yalivutana hata tarehe 5 Oktoba 2018, Mahakama ya Juu ilipokata shauri katika kesi ya Kiebia na M'Lintari, ikaikubali amana ya kimila hata isipoandikwa daftarini. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 30 mwaka 1972 alikuwa na miaka 76 siku hiyo. Tena anayedai amana sharti aithibitishe kwa ushahidi, na walioshuhudia maneno ya miaka ya 1950 wamebaki wachache mno.

Sheria ya Urithi nayo ilikawia. Tume iliundwa mwaka 1967, sheria ikapitishwa mwaka 1972, lakini haikuanza kutumika mpaka tarehe 1 Julai 1981. Kwa sheria hiyo wosia wa maandishi hutiwa sahihi mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, na yafaa shahidi asiwe mtu aliyeachiwa kitu ndani yake, asije akakikosa. Wosia wa mdomo bado wakubaliwa mbele ya mashahidi wawili, ila msemaji awe amefariki katika muda wa miezi 3. Wazee wetu wengi hawalijui hili. Mzee akigawa shamba kwa mdomo siku ya Krismasi, kisha Mungu akamjalia kuishi hadi Juni, maneno yake si wosia tena. Ndugu zetu Waislamu wana njia yao kwa Kadhi, na tangu mwaka 1990 sheria hiyo haiwahusu.

Kuhusu mabinti, Mahakama ya Rufani katika kesi ya Rono na Rono ya mwaka 2005 ilikataa kuwapunguzia fungu kwa sababu eti wataolewa. Baadhi ya wazee walinung'unika tulipolisoma jambo hili mkutanoni. Sheria haikuwangoja.

Twapenda pia kueleza juu ya kadi ya chama. Ule mstari wa jina la mrithi wahusu fedha za chama peke yake. Mjane mmoja alituletea kadi ya marehemu mumewe akidhani yatosha kumpa shamba. Tulimlipa mchango wa mazishi siku ile ile, na juu ya shamba tukamshauri aende akaulize ni jina la nani lililo daftarini. Alirudi baada ya wiki mbili. Lilikuwa la babu wa mumewe.