Mkutano wa Watu Ishirini na Wawili

Katika kila shule inayopenda michezo, wanafunzi ni wa namna mbili. Wako wachache waliochaguliwa kuichezea timu ya shule. Hao husafiri, hushangiliwa, na majina yao husomwa mbele ya wenzao wote. Na wako wengi waliobaki, ambao kazi yao ni kusimama kando ya uwanja na kupiga makofi. Wale wachache wana mwalimu wa kuwatunza. Hawa wengi je, ni nani awatunzaye? Swali hili laonekana dogo, walakini jibu lake ndilo lililozaa kazi nzima, yenye mafunzo yake, mikutano yake na chama chake. Habari ya kazi hiyo yatupeleka Marekani, na hasa katika mji wa New Orleans, jimbo la Louisiana, mwaka 1950.

Kwanza yafaa tueleze asili yake. Zamani wanafunzi wa vyuo vya Marekani walijiandalia michezo yao wenyewe, darasa moja likishindana na jingine. Michezo hiyo iliitwa michezo ya ndani, si kwa sababu ilichezwa chini ya paa, bali kwa kuwa ilikuwa ya wanafunzi wa chuo kimoja kwa kimoja. Hapakuwa na mtu wa kuisimamia. Mwamuzi alikuwa yeyote aliyepatikana, na ugomvi haukukosekana. Hatimaye, mwaka 1913, Chuo Kikuu cha Michigan na kile cha Ohio State viliweka wasimamizi rasmi wa michezo hiyo. Huko Michigan kazi hiyo ilikuja kushikwa na Elmer Mitchell, ambaye mwaka 1925 alitoa kitabu juu ya namna ya kuiendesha. Na mwaka 1928 chuo chake kikafungua jengo kubwa kwa ajili ya wanafunzi wa kawaida, si kwa mabingwa peke yao.

Hapo ndipo watu walipotambua kwamba kazi hii yataka elimu. Msimamizi hatoshi kuwa hodari wa kukimbia au kurusha mpira. Lazima ajue kupanga ratiba ya timu nyingi zinazogombea viwanja vichache, kutunza fedha na vifaa, kufundisha waamuzi, kumhudumia aliyeumia kabla daktari hajafika, na kumvuta uwanjani mwanafunzi mwoga ambaye hajawahi kuchaguliwa na mtu. Mambo kama hayo hayaji kwa kuzaliwa nayo. Hufundishwa, na afunzwaye huhitaji wenzake wa kujifunza nao.

Walakini elimu haikugawiwa sawasawa. Katika majimbo ya kusini ya Marekani sheria ziliwatenga watu weusi na weupe mashuleni, mabasini na hata viwanjani. Wamarekani Weusi walisoma katika vyuo vyao wenyewe. Kimoja cha vyuo hivyo kilikuwa Chuo Kikuu cha Dillard, kilichoundwa mwaka 1930 kwa kuunganishwa vyuo viwili vya New Orleans vilivyoanzishwa mwaka 1869, na kilichofungua milango yake mwaka 1935. Hapo Dillard alikuwako mwalimu aliyeitwa William Wasson. Yeye aliona kwamba wasimamizi wa michezo katika vyuo vya watu weusi walikuwa kama wakulima ambao kila mmoja analima peke yake bondeni, asijue jirani yake ng'ambo ya kilima amepanda nini wala amevuna nini.

Mwaka 1948 Wasson alipata msaada wa fedha za Carnegie ili afanye uchunguzi juu ya michezo ya ndani katika vyuo vya watu weusi. Akafunga safari, akazuru vyuo 25. Msomaji asidhani kuwa safari za namna hiyo zilikuwa jambo jepesi. Katika majimbo ya kusini siku zile, msafiri mweusi alitengewa viti vya nyuma ya basi, na hoteli nyingi hazikumpokea. Naye Wasson hakwenda kutafuta wachezaji mashuhuri. Alikwenda kuuliza jinsi wanafunzi wa kawaida walivyopata nafasi ya kucheza, na jinsi walimu wao walivyoifanya kazi hiyo.

Uchunguzi huo ulimwonyesha kwamba karatasi peke yake haitoshi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Basi akawaita wenzake, na tarehe 22 Februari 1950 watu 22, wanaume kwa wanawake, wote Wamarekani Weusi, kutoka vyuo 11, wakakutana Dillard. Wakashauriana juu ya kazi yao, nao wakaanzisha chama cha taifa cha wasimamizi wa michezo ya ndani. Hawakuwa na jengo la fahari wala hazina kubwa. Walichokuwa nacho ni maarifa yaliyotawanyika vichwani mwao, na nia ya kuyakusanya.

Tutafakari kidogo maana ya jambo hilo. Watu hawa walikuwa wamefungiwa nje ya vyuo vingi na vyama vingi vya nchi yao. Wangaliweza kukaa na kusubiri mpaka wakaribishwe. Badala yake walijenga nyumba yao wenyewe, na tena wakaipa jina la taifa zima, si jina la rangi yao. Nao walimu wa vyuo vingine wakaja kubisha hodi. Chama hakikubaki cha vyuo vya watu weusi tu. Kikakua, kikapokea watu wa rangi zote, kikaenea pande nyingi za Marekani.

Lakini historia ya kweli haifichi aibu. Mwaka 1956 jimbo la Louisiana, ambamo chama kilizaliwa, lilitunga sheria ya kukataza watu weusi na weupe wasicheze pamoja. Sheria hiyo ilishindwa mahakamani, na mwaka 1959 Mahakama Kuu ya Marekani ikathibitisha kwamba haifai kusimama. Ungetazamia kwamba mwaka huo ungekuwa wa furaha tupu kwa wapenda usawa. Walakini katika mwaka huo huo wa 1959, chama kilekile kilichoanzishwa na watu waliotengwa kiliwafungia wanawake mlango, ingawa wanawake walikuwamo miongoni mwa wale 22 wa kwanza. Mlango ukakaa umefungwa kwa miaka 12.

Hasara ya jambo hili haikuwa ya heshima tu. Mwanamke aliyesimamia michezo chuoni alinyimwa mahali pa kujifunza kazi yake na wenzake. Na mwalimu akikosa mafunzo, wanafunzi wake hukosa pamoja naye. Mwaka 1971 wanawake walirudishwa chamani. Mwaka uliofuata, 1972, Marekani ilipitisha sheria ya kukataza ubaguzi wa wanaume na wanawake katika elimu inayosaidiwa na fedha za serikali ya taifa. Mwaka 1975 chama kikabadili jina lake ili kionyeshe kwamba kazi imepanuka kuwa burudani ya kila namna, kikaitwa kwa kifupi NIRSA, jina ambalo kingali kikijulikana nalo hata leo.

Leo katika vyuo vikuu vya Marekani wanafunzi wenyewe hushika sehemu kubwa ya kazi hii. Huwa waamuzi, huwa walinzi wa mabwawa ya kuogelea, hutunza vifaa na kuwasimamia wenzao. Katika mikutano ya chama wanafunzi hukaa pamoja na wakuu wao, wakasikiliza na kusema. Kijana anayejifunza kutoa uamuzi wa haki mbele ya rafiki zake wanaomzomea amepata somo ambalo halimo katika kitabu chochote, nalo litamfaa hata akiwa hakimu, mwalimu au daktari.

Habari hii yatufunza mambo mawili. La kwanza, kazi yoyote, hata ile inayodhaniwa kuwa mchezo tu, hupata heshima pale wenye kazi wanapokutana na kufundishana kwa moyo mweupe. La pili ni zito zaidi. Aliyewahi kufungiwa mlango hana kinga ya kutomfungia mwenziwe. Aweza kusahau, kama chama kile kilivyosahau. Basi safari ijayo utakapokuwa miongoni mwa wale wachache waliochaguliwa, geuza uso uwatazame wale wanaokupigia makofi kando ya uwanja. Huenda miongoni mwao yumo mmoja ambaye hakosi uwezo, bali amekosa tu mtu wa kumwita aingie.