Sio Port: Mto Uliogeuzwa Mpaka

Mto Sio unaishia hapa, katika Ghuba ya Berkeley, Ziwa Victoria. Ng'ambo ni Uganda. Hadi 1902 huku nako kulikuwa Uganda, hata Kisumu! Mwaka huo Waingereza walihamishia Jimbo la Mashariki la Uganda kwenye himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo leo ni Kenya, mto ukawa mpaka. Wasamia, wenye ng'ambo zote mbili, hawakuulizwa; bado wanaoana na kuzikana.

Zamani walisifika kwa uhunzi: walichimba mawe ya chuma vilimani, wakayayeyusha, wakafua majembe. Leo ufukweni utakuta dagaa, wenyeji huwaita omena, wameanikwa juu ya nyavu kuukuu, waking'aa kama misumari mipya, na mama mmoja akiwageuza kwa fagio.