Mtwara: Lango la Mtumiaji au Lango la Makutano?

Nikitaja ATM darasani, wanafunzi hufikiria mashine ya kutolea fedha. Ninayoikusudia ni teknolojia ya mawasiliano iliyobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1980, inayokata sauti, picha na data katika vipande vya baiti 53: 5 za anwani, 48 za ujumbe. Imepitwa na wakati, lakini ndani yake mna jambo dogo linaloieleza historia ya Mtwara kuliko hotuba nyingi nilizosikia.

Fundi anapochomeka waya kwenye swichi ya ATM, kazi haijaisha. Sharti aiambie swichi lango hilo ni la aina gani: linamwelekea mtumiaji, au linaelekea mtandao mwingine? Hilo ndilo lango mantiki, yaani cheo ambacho lango hupewa kwa maandishi, si kwa umbo. Lango la mtumiaji hutengewa biti 8 za namba ya njia, hivyo njia zake hazizidi 256. Lango la makutano ya mitandao hutengewa biti 12: njia 4,096. Waya ni uleule. Kilichobadilika ni uamuzi wa aliyeketi kwenye kompyuta.

Sasa tuitazame pwani ya kusini. Mikindani ilikuwa makutano. Majahazi yaliiunganisha na Kilwa na Unguja, na Wamakonde waliishi, kama wanavyoishi leo, pande zote mbili za Ruvuma. Mwaka 1879 kampuni ya Kiingereza ililaza waya wa telegrafu baharini kutoka Aden, kupitia Zanzibar na Msumbiji, hadi Durban. Waya ulipita mbele ya mlango wa Ruvuma bila kutua.

Mradi wa karanga ulioanza 1947 uliipa Mtwara bandari ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi ukafa 1951. Bandari ilifunguliwa 1954, shehena iliyojengewa haipo tena, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Reli ile haikuungana na reli nyingine yoyote nchini. Ilikuwa waya wa mtumiaji mmoja. Alipoondoka, nao ukaondolewa.

Wapo watakaosema jiografia ndiyo iliyoamua. Sikubali. FRELIMO ilipoanza vita vya ukombozi Septemba 1964, Nachingwea hiyohiyo ikaja kuwa kambi kuu ya mafunzo ya wapiganaji wake. Udongo haukuhama, serikali ya Mwalimu Nyerere iliamua tu kuihesabu kusini kuwa mahali pa kuungania.

Ndiyo maana maandamano ya gesi ya 2013, ambamo watu walipoteza maisha, siyasomi kama ubinafsi wa kimkoa, tafsiri iliyopendwa mno mijini. Wananchi walikataa mkoa wao kuandikwa tundu la kutolea gesi tu. Bomba la kwenda Dar es Salaam, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, lilizinduliwa 2015.

Kebo ya SEACOM ilianza kazi 2009, EASSy 2010. Zote zinatua Dar es Salaam na Maputo. Mtwara inaufikia ulimwengu kwa Mkongo wa Taifa, unaoteremka nchi kavu kutoka kaskazini. Nikisimama ufukweni Msimbati, najua mwanga wa kebo hizo unapita mahali fulani mbele yangu, chini ya maji, kama telegrafu ya 1879 ilivyopita.